Barabara Tulivu Siku ya Mvua: Kisa cha Matembezi ya Kikundi Usambara Magharibi

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea msimu wa masika katika milima ya Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga. Majina ya watu, kikundi, vijiji na kijito yameondolewa, na maelezo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyosimuliwa na waliokuwepo: kiongozi wa matembezi, mfunga msafara, kijana mwenyeji aliyewaonyesha njia, muuguzi aliyekuwa miongoni mwa watembeaji, na majeruhi mwenyewe.

Nimekiandika kwa ajili ya wanaoongoza matembezi ya vikundi vijijini, viwe vya parokia, vya shule, vya kazini au vya marafiki tu. Kikundi hiki kilijiandaa kuliko vingi ninavyovifahamu. Kilikagua kijito mapema, kikafupisha safari, kikakataa kuvuka maji yaliyojaa. Halafu mtu akavunjika mguu akiwa amesimama kando ya barabara, akipisha gari lipite. Ajali ya namna hiyo haizungumzwi sana, kwa kuwa tukisikia mvua kubwa mawazo yetu yote huenda kwenye mto.

## Mahali na watu

Usambara Magharibi inainuka ghafla kutoka tambarare ya Mombo. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto mjini ina urefu wa kilomita 33 hivi, imekatwa ubavuni mwa mlima na ina kona nyingi. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nje ya lami kuna barabara nyingi za udongo mwekundu zinazounganisha vijiji, mashamba ya chai na mabonde ya mboga. Hizo ndizo watembeaji wanazozipenda. Kuna kivuli cha migrivea na mikaratusi, hewa ni baridi, na siku ya kawaida unaweza kwenda saa nzima ukakutana na bodaboda mbili na akina mama waliojitwika kuni.

Kikundi kilitoka mji mmoja wa pwani, watu 22 wa umri wa miaka 15 hadi 63. Kina utaratibu wa kutembea pamoja mara kwa mara, lakini karibu nusu yao hawakuwa wamewahi kutembea milimani. Kiongozi alikuwa mwanamke mzoefu, mtu wa kuandika mpango wake kwenye karatasi. Alikuwa na msaidizi anayekaa nyuma kabisa, ambaye katika kikundi wanamwita mfunga msafara. Kijana wa kijijini aliajiriwa kwa siku hiyo kama mwenyeji.

Mpango wa awali ulikuwa kilomita 14 zenye mita 500 hivi za kupanda, sehemu yake ikiwa njia ya miguu ndani ya msitu. Kiongozi alikokotoa muda kwa kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Ikatoka saa tatu na dakika 40. Akaongeza mapumziko na wazee wa kikundi, akaandika saa tano na nusu.

## Usiku wa mvua na uamuzi wa asubuhi

Usiku wa kuamkia matembezi mvua ilianza saa 2 na haikupoa hadi karibu na alfajiri. Kiongozi alikuwa amesoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, uliokuwa kwenye ngazi ya “angalizo”, ya chini katika tatu zinazotumika: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Hakulichukulia angalizo hilo kama ruhusa. Saa 12:15 asubuhi yeye na mwenyeji waliteremka hadi kwenye daraja mfuto ambalo njia yao ilipaswa kulipita, ule mkeka wa zege ambao maji hupita juu yake. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, ya rangi ya udongo lakini yakienda taratibu. Wakaweka jiwe ukingoni, pale maji yalipoishia, liwe alama.

Waliporudi, kiongozi alifanya maamuzi matatu kabla ya chai. La kwanza, njia ya msituni ikafutwa. Alieleza kwamba tangu maporomoko ya matope ya Katesh, wilayani Hanang, mwezi Desemba 2023, hakuwa tena na moyo wa kupeleka watu kwenye ubavu wa mlima ulioshiba maji. Safari ikabaki kilomita 9, zote kwenye barabara za gari. La pili, watu wawili wakaombwa wabaki: mmoja goti lilikuwa linamsumbua tangu jana yake, mwingine alikuja na raba zilizolika soli. La tatu, muda wa kilomita hizo 9 uliachwa ule ule wa saa tano na nusu, kwa sababu ya matope.

Maamuzi yote matatu yalikuwa mazuri na sina la kuyapunguzia. Niseme tu kwamba kiongozi alijiuliza kuhusu mvua, mto, mlima, viatu na magoti, na hakujiuliza kuhusu magari. Hakuwa na sababu ya kufanya hivyo. Alizijua barabara zile na alijua hazina magari.

## Kwenye daraja mfuto

Waliondoka saa 2:40 wakiwa watu 20 na mwenyeji wao. Mvua ilikuwa imekoma zaidi ya saa tatu zilizopita, jua likichungulia, watu wakiimba. Walipofika darajani saa 3:25 jiwe la alama halikuonekana. Maji yalikuwa yamefika katikati ya muundi na yalikimbia kwa nguvu juu ya zege.

Wengi walishangaa. Walidhani mvua ikikatika mto huanza kushuka papo hapo. Kijito cha milimani hukusanya maji ya eneo pana lililo juu yake, na maji ya kilele cha bonde yanaweza kuchukua saa kadhaa kufika chini, hasa pale yanapopita kwanza kwenye matuta ya mashamba na mifereji ya umwagiliaji. Kipimo cha saa 12 asubuhi kilikuwa sahihi kwa saa 12 asubuhi.

Vijana watatu walitaka kuvuka kwa kushikana mikono. Mwenyeji mwenyewe alisema angeweza. Kiongozi alikataa na sababu yake ilikuwa sahihi: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kubeba gari dogo. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Isitoshe, maji yale yalikuwa mazito kwa udongo, hakuna aliyeweza kuona kama zege bado lipo lote upande wa pili.

Ndipo mwenyeji akatoa wazo: “Mama, kuna barabara ya juu. Inazunguka kilima, haina mto hata mmoja, tunatokea kule kule.” Ingeongeza kilomita moja na nusu. Kiongozi aliuliza maswali mawili: kama ni barabara ya gari, na kama kuna daraja lolote. Majibu yalimridhisha. Saa 3:40 wakapinda kulia na kuanza kupanda.

## Habari iliyoishia mkiani

Barabara ya juu ina upana wa gari moja na kidogo. Upande wa kulia wa msafara ulikuwa ukuta wa udongo uliochongwa, na chini yake mtaro. Upande wa kushoto palikuwa na ukingo wenye nyasi ndefu, kisha mteremko mkali hadi kwenye matuta ya migomba na maharage. Utelezi ulikuwa mwingi. Wenye nguvu walitangulia, wazito wakabaki nyuma, na kufika saa 4 msafara ulikuwa umetawanyika kwenye urefu wa mita 300 hivi, kona tatu kutoka mbele hadi nyuma. Kiongozi alikuwa mbele na mwenyeji.

Saa 4:20 bodaboda ilimpita mfunga msafara ikapunguza mwendo. Dereva akamwambia: “Kaka, kaeni pembeni vizuri. Barabara kubwa kifusi kimeshuka, magari yote yanapita huku.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa muhimu kuliko zote siku hiyo, na ilifika kwa mtu aliyekuwa mbali kabisa na kiongozi. Mfunga msafara aliielewa. Alijaribu kupiga simu, mtandao haukuwepo bondeni. Akamwambia aliye mbele yake apeleke habari mbele. Habari ikapita kwa watu watano au sita, na ilipomfikia kiongozi, kwa kumbukumbu yake, ilikuwa imegeuka kuwa “kuna gari linakuja”. Akapaza sauti watu wasogee pembeni. Gari likaja kweli, Noah iliyojaa abiria, likapita salama, na kila mtu akadhani jambo limekwisha.

## Ajali

Saa 4:50, kwenye kona ya kushoto, Canter iliyobeba makabichi iliteremka ikipiga honi. Watu waliokuwa pale walikuwa saba. Wanne walikimbilia kwenye mtaro, upande wa ukuta. Watatu, waliokuwa karibu zaidi na ukingo, walirudi nyuma hatua mbili juu ya nyasi.

Nyasi zile zilikuwa zimeota juu ya udongo usio na kitu chini yake. Mita chache kabla ya kona kulikuwa na kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, lililozibwa na matawi usiku ule. Maji yaliyokosa njia yalipita juu ya barabara, yakaanguka upande wa bonde na kuula udongo kutokea chini, hadi ukingo ukabaki kama paa lisilo na nguzo, umeshikwa na mizizi tu. Ukameguka urefu wa mita mbili hivi. Mtembeaji mmoja aliruka akarudi barabarani. Wa pili, mama wa miaka hamsini na ushee, alidaka shina la mgrivea akaning'inia mpaka akavutwa. Wa tatu, mwanamume wa miaka 41, alishuka na udongo mita nne hadi kwenye tuta la kwanza la migomba, mguu wa kulia ukiwa umejikunja chini yake.

Dereva hakukanyaga breki kwa ghafla. Alipita taratibu, akasimama mbele palipo tambarare, kisha akarudi kwa miguu kusaidia. Wapo kwenye kikundi waliomlaumu kwa kutosimama pale pale. Nadhani alifanya lililo sawa: gari lenye mzigo linaloteremka kwenye udongo laini likifungwa breki huteleza zima zima, na lingeteleza kuelekea kwa watu.

## Uokoaji

Kiongozi alifika kwenye tukio ndani ya dakika tatu na jambo lake la kwanza lilikuwa kuwazuia watu. Vijana wawili walikuwa tayari kurukia chini pale pale ukingo ulipomeguka. Aliwaamuru warudi, akamtuma mwenyeji na muuguzi wazunguke mita 60 mbele, penye ngazi za udongo za wakulima, washuke kwenye tuta na kumfikia majeruhi kwa upande. Ilichukua dakika nane badala ya dakika moja, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Aliwasimamisha watu wawili, mmoja kila upande wa kona, na kanga za rangi kali, wazuie magari.

Kuhesabu watu kulikwama. Kiongozi alikuwa na 20 kichwani, bila mwenyeji. Mfunga msafara alikuwa na 21, pamoja na mwenyeji. Muuguzi alikuwa na orodha ya jana yenye 22. Kwa dakika kumi hawakuwa na hakika kama kuna mwingine aliyeangukia bondeni. Kijana wa miaka 17 kweli hakuonekana: alikuwa ametangulia kupiga picha, na alirudi mwenyewe aliposikia kelele.

Majeruhi alikuwa na fahamu, anaongea, hana maumivu ya shingo wala mgongo. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba na kimekaa upande. Muuguzi alikikaza kwa fimbo mbili na kanga bila kujaribu kukinyoosha, na akakagua kama vidole bado vina joto na hisia. Kuhusu usafiri, dereva wa Canter alijitolea kumbeba. Kiongozi alishukuru akakataa, kwa sababu chumba cha mbele kilikuwa na watu, na juu ya makabichi, kwenye barabara ile, majeruhi angerushwa kila kona. Wanakijiji walikuwa wameshafika na majembe. Wakatengeneza machela kwa miti miwili na magunia, namna ambayo wagonjwa wamebebwa milimani tangu zamani, wakampandisha kwa ngazi za wakulima na kumpeleka kama kilomita moja na ushee hadi uwanja wa kijiji, ambako Noah ilikuwa inasubiri. Njiani walibadilishana mabega bila kumtikisa. Saa 7:30 mchana alikuwa hospitalini.

Wengine wote walibaki wamesimama kwenye kona kwa dakika hamsini. Mvua ndogo ikaanza tena. Walikuwa wamelowa jasho na matope, na joto huku juu hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka pwani. Mama aliyening'inia mtini na kijana mmoja walianza kutetemeka na kuongea kwa shida. Mwanamke mmoja wa kijijini aliwaita wote nyumbani kwake, akawasha kuni na kuwapa chai ya sukari nyingi. Nyumba yake ilikuwa mita 400 tu nyuma ya kona.

## Matokeo

Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika. Majeruhi alifungwa plasta kwa wiki sita na sasa anatembea, ingawa mteremko bado unamsumbua. Kikundi kilirudi kijijini saa 11 jioni, kikiwa kimetembea mita chache kila mara na kusimama kila gari lilipopita, na kabla giza halijaingia. Kikundi kilipeleka shukrani kwa waliobeba machela kupitia mwenyekiti wa kitongoji, na taarifa ya kalavati kwa mtendaji wa kijiji.

## Uchambuzi: utulivu wa barabara

Kiini cha kisa hiki, kwa maoni yangu, ni kwamba kikundi kilichukua utulivu kama tabia ya kudumu ya barabara, wakati ni hali ya siku husika. Barabara ndogo ya mlimani haina magari kwa sababu kuna barabara kubwa inayoyachukua. Mvua inayotosha kujaza kijito inatosha pia kuangusha kifusi kwenye barabara kubwa iliyokatwa ubavuni, na hapo magari hayarudi nyumbani. Mboga lazima ziende sokoni, wagonjwa hospitalini, abiria Mombo. Yote huhamia kwenye njia ambayo jana ilikuwa ya bodaboda mbili. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watembeaji waache vijia vya msituni na kuja barabarani. Watu na magari wanasukumwa kwenye udongo mmoja, kwenye saa zile zile ambazo udongo huo ni dhaifu kupita wakati wowote.

Kwa hiyo swali la asubuhi lililokosekana ni jepesi: barabara kubwa inapitika? Jibu lake linapatikana kijiweni kwa bodaboda kabla ya saa 1 asubuhi, kwa uhakika kuliko kwenye simu yoyote. Madereva wa bodaboda wa milimani ndio wa kwanza kujua, maana riziki yao inategemea kujua.

Kwenye daraja mfuto kosa halikuwa kubadili njia. Lilikuwa kuibadili papo hapo. Njia ya kwanza ilikaguliwa kwa macho alfajiri; njia ya pili ilikaguliwa kwa maswali mawili, na maswali yote mawili yalihusu hatari waliyokuwa wanaikimbia. Mwenyeji alijibu kweli tupu: ni barabara ya gari, haina daraja. Hakuulizwa kama kuna makalavati yanayoziba, wala ukingo uko namna gani, wala nani anapita kule leo. Mwenyeji wa umri ule, mbele ya mama aliyemwajiri, hawezi kutarajiwa kuongeza asiyoulizwa. Ni juu ya kiongozi kumwuliza kwa upana: “Wewe ungempitisha mama yako leo? Ungeogopa wapi?” Kumpeleka kijana huyo na bodaboda akaione barabara ya juu kungechukua dakika ishirini, watu wakiwa wamekaa juani. Angekutana na magari mwenyewe.

## Uchambuzi: mahali pa kusimama

Kwenye barabara hii swali gumu ni wapi pa kukaa gari linapokuja. Tanzania magari hupita kushoto, kwa hiyo mtembea kwa miguu hufundishwa kwenda kulia ayaone yanayomjia. Kanuni hiyo ni nzuri kwenye barabara yenye mabega imara. Kwenye barabara ya ubavuni baada ya mvua, upande wa bonde unaweza kumeguka na upande wa ukuta unaweza kuporomoka au kubana mtu kwenye mtaro gari likiteleza. Hakuna upande ulio salama siku zote. Kwa ujumla ningechagua ukuta kuliko bonde, isipokuwa chini ya ukuta wenye kidonda kipya cha udongo, mti ulioinama au maji yanayochuruzika katikati yake.

Ukingo wenyewe ulikuwa na dalili, na mwenyeji alizitaja zote baadaye bila kusita: mstari wa matope mepesi unaokatiza barabara, nyasi zilizolala zikielekeza vichwa bondeni, takataka za matawi kwenye mdomo wa kalavati, na ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo. Kila kalavati lililoziba lina mahali karibu nalo ambapo maji yalipita kwa nguvu, na ukingo wa hapo usikanyagwe. Nyasi nzuri za kijani ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu huficha ufa.

Lakini hata anayejua dalili hawezi kuzisoma ndani ya sekunde tano, honi ikilia. Mahali pa kupishia panapaswa kuchaguliwa kabla gari halijasikika: njia ya kuingilia nyumbani kwa mtu, uwanda mbele ya duka, sehemu iliyopanuliwa ili magari yapishane. Kiongozi anatembea akijua sehemu ya mwisho iko nyuma kiasi gani na ijayo iko wapi. Hilo haliwezekani kwa mstari wa watu 21 wenye urefu wa mita 300. Linawezekana kwa vikundi vya watu sita au saba, kila kimoja kikiwa na mtu wake wa mbele mwenye filimbi, kinachoweza kuingia chote mahali pamoja. Kabla ya kona kali, mmoja anatangulia hadi aone upande wa pili, ndipo wengine wafuate. Kikundi hiki kilirudi jioni kwa mtindo huo, na hakuna aliyeukanyaga ukingo tena.

Vikundi vidogo vingetibu pia ugonjwa wa habari. Ujumbe wa bodaboda ungepita kwa viongozi watatu, si kwa watu sita waliochoka. Na mfunga msafara angekuwa na ruhusa, iliyotamkwa asubuhi mbele ya wote, ya kusimamisha msafara mzima kwa filimbi bila kuomba. Aliniambia alisita kwa sababu hakutaka kuonekana anamvunjia kiongozi heshima. Namwelewa kabisa. Ruhusa hiyo haiji yenyewe, lazima kiongozi aitoe kwa mdomo wake.

## Mengine yaliyofaa na yasiyofaa

Kuzuia watu wasirukie chini kuliokoa, pengine, mguu wa pili na wa tatu. Walinzi wa kona waliwekwa haraka. Kukataa Canter kulihitaji ujasiri, maana dereva alikuwa mkarimu na majeruhi alikuwa anaumia.

Watu kumi na tano wasio na kazi hawakupaswa kubaki kwenye kona. Baridi huanza mtu anaposimama, na kiongozi aliyeinamia majeruhi haioni. Ilitakiwa mtu mmoja apewe jukumu hilo mapema: ikitokea shida, wewe unawaondoa wengine na kuwapeleka penye paa. Hesabu nayo ifanywe upya kwa sauti mara tu idadi inapobadilika, mwenyeji akiwemo, ili kila mwenye wajibu awe na namba moja kichwani.

## Kama walipaswa kwenda kabisa

Hapa waliohusika hawakubaliani. Majeruhi anasema asubuhi ile angekwenda tena, kwa mpango ule ule. Kiongozi anasema walipaswa kurudi kutoka kwenye daraja mfuto, na kwamba jiwe lililofunikwa lilikuwa limeshawaambia siku ile bado haijatulia. Mwenyeji anaona mvua haikuwa kubwa kiasi hicho kwa masika.

Mimi sidhani kulikuwa na kosa kutoka nyumbani. Kilomita 9 kwenye barabara za gari, watu wenye viatu vizuri, mvua imekatika: hiyo ni safari ya halali. Kwenye daraja ningewakalisha watu, ningemtuma kijana na bodaboda barabara ya juu, na aliporudi na habari ya kifusi na magari ningewageuza wote warudi kwa njia waliyojia, ambayo walikuwa wameshaikanyaga na kuiona. Wangefika kijijini kabla ya saa 5 asubuhi.